Bluu ya Shanga za Ilboru

Siku Nanyori alipokutana na Khalfani, duka la uchapaji pale Kaloleni lilikuwa limejaa watu wa kadi za harusi, kila mmoja akidai yeye ndiye mwenye haraka. Nanyori alikuwa amevaa gauni la kitenge cha njano, na bangili za shanga zilimpanda karibu na kiwiko. Flashi yake ilibeba kitabu cha picha hamsini za shanga za kikundi cha mama yake, Silantoi, wa Ilboru. Wanunuzi wangekiona kwenye maonyesho ya mwezi ujao.

Khalfani, kijana mrefu mwenye wino kwenye kucha, alifungua picha ya kwanza.

"Picha zako nzuri mno, dada. Ila ziko RGB."

"Ndiyo nini hiyo?"

"Rangi za mwanga, za simu na kompyuta. Mashine yangu haina mwanga, ina wino wa aina nne tu. Lazima tuzihamishie CMYK, rangi za wino, moja moja. Bluu hii tukiichapa hivi hivi itatoka zambarau."

"Na mimi ningetokaje?"

"Wewe, wino wangu wote usingetosha."

Simu zikaanza jioni ile ile. Kwanza walizungumza rangi, baadaye wakazungumza kila kitu. Lakini wiki tatu zikapita, wimbo ukabaki ule ule: "Bado bluu, mpenzi. Njoo kesho uone sampuli." Nanyori alikwenda, akanywa kahawa chungu kwa kashata, akarudi bila kitabu.

"Huyo kaka anakuvuta tu," binamu yake Hedwiga alimwambia. "Kitabu kikiisha, kisingizio kimeisha."

Maneno yale yakamkaa. Jumatatu akapiga simu.

"Khalfani, kama unanitaka, niambie. Usiikalie kazi ya mama zangu."

"Ndivyo unavyoniona?"

"Maonyesho ni Ijumaa."

"Flashi yako iko kaunta, Nanyori."

Wiki tatu Khalfani alikuwa hajamwita kwa jina.

Duka jingine lilichapa siku hiyo hiyo. Jioni, kina mama wakakizunguka kitabu. Silantoi akafunua kurasa mbili.

"Mwanangu, hizi ni shanga za nani?"

"Zetu, mama."

"Zetu ni bluu."

Hakuna aliyemkemea, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Asubuhi alikuwa Kaloleni kabla duka halijafunguliwa. "Nimekosa," Nanyori alimwambia Khalfani alipofika. Khalfani alimpeleka chumba cha nyuma. Ukutani palikuwa na vipande saba vya karatasi vya bluu saba, kila kimoja na tarehe yake. Kando yake ulining'inia mkufu wa shanga alioununua sokoni.

"Nilikuwa naupeleka nje, nalinganisha juani," alisema. "Nikipunguza wekundu, bluu inapauka. Nikiuacha, inakuwa zambarau. Hii ya saba ndiyo imekubali."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia kila siku. Ukadhani natafuta kisingizio." Akainamisha kichwa. "Lakini sitakudanganya. Hata ya sita ingefaa. Siku ile ya mwisho nilikuchelewesha kwa makusudi."

Nanyori alicheka huku machozi yakimlengalenga. "Siku moja tu?"

"Na nusu."

Mashine ikaanza kunguruma. Wakasimama wakiangalia kurasa zikitoka, mabega yao yakigusana.

"Nataka kuja kwenu," Khalfani alisema. "Si kwa ajili ya kitabu."

"Sisi Walutheri, unajua."

"Najua. Na wewe unajua ninaposwali. Ndiyo maana nataka nije mwenyewe, kabla maneno hayajanitangulia."

Alhamisi mchana Silantoi alivua mkufu wake, akaulaza juu ya ukurasa. Akatazama muda mrefu.

"Nani kakichapa?"

"Khalfani. Anaomba kuja Jumapili kukusalimia, mama."

Silantoi alilifahamu jina hilo. Kwa wiki tatu alikuwa analisikia likipita ukutani pamoja na vicheko vya binti yake.

"Mwislamu?"

"Ndiyo, mama."

Mama alifunua ukurasa mwingine, polepole, kisha mwingine. Nje upepo wa Meru ulikuwa unachezea migomba.

"Basi mwambie awahi," alisema, "maana kuku itabidi amchinje mwenyewe."