Pampu Iliyovuta Pumzi

Waya wa pampu ulikuwa umechomolewa na kutundikwa kwenye msumari, lakini maji yalikuwa yanapita. Fundi aliyaona kupitia mfuniko wa plastiki wa kichujio, yakienda polepole kama mtu anayemeza mate. Akajiambia valvu imelegea, maji yanarudi yenyewe kutoka bwawani. Fundi mzuri hakosi jibu, na huyu alikuwa fundi mzuri, ndiyo maana hoteli ilimwita yeye.

"Tangu ule msiba inakoroma," meneja alisema kutoka mlangoni. Hakutaka kuingia kwenye chumba cha pampu. "Wafanyakazi wanasema inaongea."

"Pampu zote zinaongea, bosi. Ikikoroma, ni beringi. Ikitafuna kokoto, imeingiza hewa. Ikinguruma bila kuzunguka, kapasita imekufa. Mimi kazi yangu kusikiliza tu, kama daktari."

Meneja akaenda zake.

Msiba wenyewe ulitokea mchana kweupe. Mwalimu wa kuogelea alizama mbele ya wanafunzi wake, na aliyebebeshwa lawama ni mwangalizi wa bwawa, kwamba eti alisinzia. Mwangalizi huyo alikuwa shemeji yake fundi, mdogo wa mkewe, na sasa yuko rumande akingoja kesi. Nyumbani mke halali wala hali. "Mdogo wangu hajawahi kusinzia kazini," husema kila akitenga chakula, na fundi huinamia sahani.

Huinamia kwa sababu anajua. Siku ile pia ndiye aliyeitwa: pampu ilikuwa inavuta maji kiduchu, na ugonjwa wake aliujua: takataka zimenasa kwenye feni ya ndani. Dawa yake ni kuifungua pampu yote, kazi ya kutwa, na watoto walikuwa wameshavaa nguo za kuogelea. Basi akapiga mbizi, akaking'oa kile kifuniko cha matundu kinachokinga tundu la kunyonyea maji kule chini. Maji yakaja kwa nguvu, meneja akamsifu, naye akasema moyoni atakirudisha jioni. Haraka haraka haina baraka. Mwalimu alizama kuokota pete ya mpira iliyomtoka mtoto, nywele zake ndefu zikaingia kwenye tundu lililo wazi, na tundu halikumwachia mpaka fundi alipokimbia kuzima swichi. Watu walipokuwa wamemzunguka wakilia, yeye alirudi majini. "Nahakikisha hakuna mtoto aliyebaki," aliwaambia, akazama, akakifunga kifuniko. Wakamwita shujaa, na neno hilo linamchoma mpaka leo kuliko tusi.

Alianza kazi. Mpira wa mfuniko ulikuwa mzima. Shafti ilizunguka laini, beringi hazina kosa. Akafungua mpaka feni ya ndani, kazi ile ile aliyoikwepa siku ile, akaikuta safi. Hapakuwa na ugonjwa wowote. Ndipo harufu ya klorini ilipotoka chumbani kana kwamba imefukuzwa, ikaingia harufu ya nywele mbichi, na kutoka ndani ya bomba, pampu ikiwa vipande vipande sakafuni, ikaja sauti ya mwanamke, ya upole, ile aliyozoea kuisikia ikiwafundisha watoto, ikisema vuta pumzi, na bomba likavuta, likavuta hata vumbi la sakafuni likasogea na suruali yake ikapepea kuelekea tunduni, na kifua chake mwenyewe kikajaa bila yeye kutaka, kikajaa mpaka mbavu zikauma, naye akangoja lile neno la pili, toa, ambalo mwalimu hakuwahi kusahau kulisema, na neno hilo halikuja.

Wafanyakazi walimkuta nje anatambaa. Usiku ule alilala ameketi, kifua kimemjaa, pumzi ikitoka kidogo kidogo.

Mganga aliyeletwa kesho yake alikuwa mama mnene mwenye miwani, mtu wa utani. Alipoinama kwenye bomba, utani ukamwisha.

"Ni marehemu?" meneja alinong'ona.

"Marehemu amelala zake. Huyu ni jini wa maji, kaazima sauti tu. Jini haingii palipofungwa, mwanangu. Kuna mtu kamwachia mlango wazi, halafu kamfungia humu humu." Akamtazama fundi, kisha akamgeukia meneja. "Hebu tupishe kidogo."

Walipobaki wawili, fundi alimweleza yote kwa sauti ya chini, akilia bila aibu. "Nimeshasema," akamaliza. "Mtoe basi."

"Umeniambia mimi, mimi inanihusu nini? Kamwambie yule ambaye ukimwambia utampoteza."

Alimkuta mkewe anakunja nguo za kumpelekea mdogo wake rumande, watoto wakicheza miguuni pake. Fundi hakukaa.

"Shemeji hakusinzia," alisema. "Kifuniko nilikifungua mimi. Mwalimu alipokufa nikakirudisha mimi. Nikanyamaza."

Neno la mwisho lilipomtoka, pumzi yote ikatoka nalo, ndefu, baridi, ikapeperusha pazia. Simu ikaita. "Imenyamaza!" meneja alikuwa anapiga kelele za furaha. "Maji yametulia, mganga anasema jini ametoka! Ubarikiwe, fundi!"

Mke alisikia kila neno. Aliweka chini shati la mdogo wake, akawavuta watoto nyuma yake, akaanza kusoma dua, ile ya kujikinga na kisichokuwa mtu. Macho yake hayakubanduka usoni kwa mumewe.

"Mama watoto, ni mimi," fundi alisema, akapiga hatua.

"Usitusogelee. Nenda polisi ukamtoe mdogo wangu."

Mtoto wa mwisho, aliyezoea kumrukia baba yake shingoni, alichungulia pembeni ya gauni la mama.

"Mama," akanong'ona, "huyo ni nani?"

Mama yake aliendelea kusoma dua.