Mbegu Iliyovalishwa Dawa

Mwaka wa pili baada ya kuhamia shamba walilogawiwa Lugari, Nanjala na mumewe Hezekiah walinunua mbegu mpya ya mahindi. Ilikuja katika mfuko wa karatasi, nyekundu kama udongo wa kichuguu. Walipanda tangu umande hadi jua la utosi. Vikabaki vibaba viwili.

"Lete hapa," akasema Musimbi, mama mkwe wake. "Kwetu mbegu iliyobaki inapikwanga siku hiyo hiyo. Mpanzi akilala njaa, shamba litazaa njaa."

Ghalani mlikuwa na vumbi na panya tu. Watoto watatu walikuwa wamekunywa uji mwepesi, basi. Nanjala akachukua kibaba kimoja, akakiosha mara tatu. Maji ya kwanza yalitoka mekundu. Ya tatu yalitoka meupe, naye akafurahi. Akatia maharagwe, akateleka kwenye chungu cha mama mkwe, kile chenye mdomo uliomeguka kidogo.

Chungu hakijachemka sana, Philemon akafika akisukuma baiskeli. Huyu alikuwa dresa wa dispensari, mfunga vidonda. Aliomba maji ya kunywa. Mara akauona ule mfuko.

"Mama Wanyonyi, umepika nini?"

"Mbegu iliyobaki," Nanjala akajibu. "Nimeiosha, imetakata."

"Epua! Watoto wamekula?"

"Bado haijaiva."

"Mungu asifiwe." Akaweka kidole kwenye maandishi ya mfuko. "Soma hapa. Wewe si unaendanga darasa la kanisani?"

Nanjala akasoma herufi moja moja: DRESSED.

"Hicho ni Kiingereza," Philemon akasema. "Neno lenyewe ni ‘dress’. Gauni lako la Jumapili huitwa hivyo. Kufunga kidonda kwa bandeji nako huitwa hivyo, ndiyo maana mimi ni dresa. Na mbegu ikipakwa dawa ya kuua wadudu, wanasema imevalishwa, kwa neno lile lile. Dawa hiyo ni sumu."

Musimbi akacheka hadi akashika kiuno. "Dresa, tangu lini hindi likavaa gauni? Na kama lilivaa, si tumelivua? Maji yalitoka meupe!"

"Mama, kilichotoka ni rangi. Sumu imeingia ndani. Maji hayaitoi, moto hauitoi. Yale maji mlimwaga wapi?"

"Migombani."

Wakageuka wote. Chini ya mgomba, kuku mweupe alikuwa amelala ubavu, shingo imepinda, miguu inatetemeka. Pembeni palikuwa na punje zilizomwagika.

"Ingokho yangu!" Musimbi akasema. Kicheko kikaisha.

"Hata nyama yake tusile?" Nanjala akauliza.

"Hata supu. Na chungu cha udongo hunywa sumu. Msikipikie tena."

Musimbi alikitazama chungu kile kwa muda mrefu. Kilimpikia tangu Hezekiah akitambaa. Kisha akawatazama wajukuu wake waliokaa mlangoni wakingoja chakula.

"Nionyeshe pa kuchimba," akasema.

Walichimba shimo refu, mbali na mto na njia. Wakafukia chungu, chakula, kuku na ule mfuko, usije ukatiwa unga. Wakanawa kwa sabuni hadi viwikoni.

"Hiki kibaba kingine je?" Nanjala akauliza.

"Mbegu hii kazi yake ni kupandwa tu. Mpe mwenye shamba."

Nanjala akampelekea jirani yao Cherotich, aliyeishiwa mbegu mistari mitano kabla ya kumaliza. Akamweleza habari ya sumu neno kwa neno. Cherotich akaguna, akampa kibuyu cha maziwa na unga. Jioni ile watoto walikula obusuma, ugali wa kwao, kwa maziwa.

Mahindi yalistawi kwa majirani wote wawili. Siku ya kuvuna, Musimbi alichagua mahindi ya kula, yasiyopakwa kitu, akajaza kikapu na kukifunga.

"Haya ni ya siku ya kupanda," akasema. "Asiyaguse mtu."

Msimu uliofuata mbegu mpya iliyobaki iliwekwa juu darini, ndani ya mfuko wake. Wapandaji walikula kutoka kikapuni. Musimbi mwenyewe ndiye aliyepakua, akaanza na watoto.