Dhahabu Haisuguliwi kwa Jivu

Siku ya soko mjini Meru watu hupita popote penye upenyo. Wawira, mwanafunzi wa ualimu katika chuo cha Nchiru, alijipenyeza hadi dukani mwa sonara Suleiman kutengenezewa kipuli, gauni lake la samawati likiwa limekunjamana kwa msongamano. Kwenye kaunta alimkuta kijana mrefu, shati lake jeupe limenyooshwa pasi barabara, amejikunja juu ya sarafu ndogo ya dhahabu.

"Dada, macho yangu yamechoka," kijana akasema bila kuinua kichwa. "Nisomee herufi iliyo juu ya mwaka, chini ya farasi."

"Ni P. Na ungenisalimu kwanza, ningekusomea na mwaka."

Suleiman akacheka. Kijana akaona haya, akasalimu mara mbili. Jina lake Ngari, karani wa ushirika wa kahawa huko Embu. Akaeleza kwamba enzi za Malkia Viktoria, pauni za dhahabu zilipigwa chapa London na Australia pia. Ya Sydney ina S, ya Melbourne M, ya Perth P. Ya London haina herufi. Hiyo ya Perth ndiyo pekee aliyoikosa katika mkusanyiko wake, naye alikuwa ameitafuta kwa masonara wa kila mji hadi akachoka; siku hiyo akainunua.

Tangu siku hiyo simu hazikupoa. Ngari alimwita "mwalimu wangu"; Wawira akamtania kuwa tayari ana mke, yule malkia mzee mwenye shela wa kwenye sarafu.

"Huyo hapiki," Ngari alijibu.

"Nawe unakula nini?"

"Ndizi za kuchemsha na upweke."

Wawira aliamini kwa moyo wote kwamba mapenzi ni watu wawili kufunzana heshima. Kwa imani hiyo akamtembelea kwake, mtaa wa Majimbo, mjini Embu.

Ngari alipotoka kwenda buchani, Wawira aliziona sarafu zote nne mezani, zimefifia. Kwao Runyenjes, msichana aliyelelewa vyema hakai kitako penye chombo kisichong'aa. Mama yake, Ann, alimfunza kusugua sufuria kwa jivu hadi aone uso wake. Akachota jivu jikoni, akakamua ndimu, akamsugua malkia mara nne. Sarafu zikawaka. Akazipanga upya, akangoja sifa.

Ngari aliporudi, aliweka nyama chini, akaichukua ile ya Perth na kuigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Dhahabu ni laini. Mikwaruzo ilikuwa imejaa kwenye shavu la malkia, na sura iliyozeeka pamoja na sarafu, ile inayothaminiwa na kila mkusanyaji, ilikuwa imetoweka.

"Nilidhani zimechafuka," Wawira akasema.

"Mikono iliyofunzwa kusugua sufuria," Ngari akajibu polepole, "ingebaki kwenye sufuria."

Angalifoka, pengine angalisamehewa. Lakini aliyasema kwa utulivu, kama mtu aliyekuwa akiyawaza tangu zamani. Wawira akachukua mkoba wake. Nyama haikupikwa.

Ngari alipiga simu jioni ile na kila jioni iliyofuata. Wawira aliitazama ikiita, akalia, asiipokee. Hatimaye akapokea.

"Sarafu zimeharibika, basi," Ngari akasema. "Wewe siwezi kukupoteza. Nataka kukuoa, Wawira."

"Ulinitukana mimi, au aliyenifunza?"

"Wote wawili."

"Niligusa kisicho changu bila kuuliza. Kwa hilo niwie radhi. Lako nenda ukaliseme kwa mama. Maneno yale yale, usiyatie sukari."

Akaja Runyenjes asubuhi ya baridi, amevaa koti la ibada. Ann alikuwa uani akichambua maharagwe, Wawira amesimama mlangoni. Ngari aliyasema kwa Kiembu, na katika lugha ya nyumbani yalikuwa makali zaidi. Sauti ikamkatika. Akaanza upya, akafika mwisho.

"Binti yangu aliposugua vitu vyako, alikuwa anakupenda," Ann akasema bila kuinua macho. "Wewe uliposema hayo, ulikuwa unampenda?"

"Hapana, mama. Wakati ule nilipenda sarafu."

Mikono ya Ann ikatulia juu ya ungo. "Afadhali umesema kweli. Keti, unywe chai."

Wawira aliporudi na kikombe, Ngari alikuwa bado amesimama. Hakumtazama mama, alimngoja yeye. Wawira akaweka chai chini, akaketi kwenye benchi. Kisha akasogea, akamwachia nafasi.