Uzi Mwekundu Mgongoni mwa Odongo

Maiti ya Odongo ilikuwa imelazwa kwenye turubai kando ya timbo la zamani la mawe lililojaa maji, Mugutha, mtungi wa hewa ukiwa bado mgongoni.

Inspekta Waruguru wa idara ya upelelezi, Ruiru, alichuchumaa akautazama. Ulikuwa mtungi wa chuma, wa kale, lakini umepigwa rangi mpya ya njano. Kipimo kilisoma sufuri. Odongo, mpiga mbizi aliyewatolea watu wa Thika na Ruiru maiti za wapendwa wao bila kuitisha hata soda, alikuwa amekufa kwa kukosa hewa.

"Nani alikuwa naye?"

"Ni mimi, madam." Simeon, mshika kamba wake, alikuwa ameketi kwenye jiwe. "Nilingoja avute kamba nimpandishe. Hakuvuta. Nikaita watu wa boda, wao ndio walimtoa."

"Wewe hukumgusa?"

"Singeweza. Miguu ilikataa."

"Mtungi ulitengenezwa na nani?"

"Absalom, fundi wa Kimbo. Ile kitu ni scrap, madam. Nilimwambia Odongo aachane nayo."

Maneno yana mbio. Gari la polisi lilipofika Kimbo, umati ulikuwa umeshaizunguka karakana na kijana mmoja alikuwa na kibiriti mkononi. Waruguru alimsukuma Absalom garini, zaidi kumwokoa kuliko kumkamata. Lakini seli ni seli. Mkuu wa kituo alitaka fundi apelekwe kortini asubuhi kwa kosa la kuua bila kukusudia, ili watu watulie. Maabara nayo iliomba wiki nzima kuuchunguza mtungi.

"Mtungi ulikuwa mzima, afande," Absalom alisema, macho mekundu. "Nilitoa kutu yote ndani. Niliuzungusha na kokoto mpaka ukang'aa, nikaukausha. Ukapimwa presha Thika, ukapita."

"Na vali?"

Fundi aliinamisha kichwa.

"Hapo ndipo ninakufa. Kulikuwa na vali mbili, ya kawaida na hii ya leva. Odongo alitaka ya kawaida. Mimi nikakataa. Kwa ile matope hawezi kuona kipimo. Hii ya leva, hewa ikikaribia kuisha, kupumua kunakuwa kugumu. Ndiyo onyo. Anavuta leva chini, anapata akiba ya kumfikisha juu."

"Na leva ikiwa chini tangu mwanzo?"

"Hakuna onyo. Anapumua vizuri, halafu hewa inaisha mara moja." Akajifuta uso. "Ni mimi nilimchagulia. Kama ilikwama, basi nimemuua."

Waruguru alimwamini, na hilo lilimtia hofu zaidi. Imani ya inspekta haimtoi mtu kizimbani. Asubuhi haikuwa mbali sana, na nje ya kituo watu walikuwa bado wanapiga kelele.

Jioni hiyo Selpha, mjane wa Odongo, alifika kutoka Kamenu kuvitambua vitu vya mumewe. Konstebo Mulei alimpeleka stoo. Alivaa kanga nyeusi na hakuwa analia. Alikuwa amechoka kulia. Aliutazama mtungi, kisha akasogeza uso karibu na leva.

"Huu uzi mwekundu ni wangu."

"Uzi wa nini, mama?" Waruguru aliuliza.

"Wa cherehani. Mimi hushona. Leva hufungwa na huu uzi ikiwa juu, magugu yasiishushe. Akitaka akiba anavuta kwa nguvu, uzi unakatika. Kila mara alikuwa ananiletea kile kipande..." Akaugusa uzi kwa kidole. "Mbona haujakatika?"

Waruguru aliinama. Leva ilikuwa chini. Uzi ulikuwa mzima, fundo limekazwa vizuri.

"Nani humfungia?"

"Simeon. Mtu hawezi kujifungia mgongoni."

Waruguru alimgeukia mjane. "Leo alikuwa anatafuta nini timboni? Hakuna mtu aliyeripotiwa kuzama."

"Gari. Alikuwa ameigusa kwa matope, nyuma ni ya pikapu. Alisema anarudi kusoma nambari kwa vidole. Trizah, dada yake, aligongwa na pikapu hapo Kimbo mwaka jana. Mwenye gari hakuonekana."

"Alimwambia nani mwingine?"

"Simeon tu. Ni kama ndugu yake. Zamani alikuwa anambebea mitungi kwa pikapu yake."

Simeon aliletwa. Mtungi uliwekwa mezani, leva ikimtazama.

"Nani alifunga uzi?"

"Mimi, madam. Kama kawaida."

"Leva ikiwa wapi?"

"Juu."

"Angalia."

Aliangalia. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso.

"Kama ungeiacha bila uzi, ningeamini aliivuta mwenyewe," Waruguru alisema. "Lakini mkono umezoea kufunga. Ulishusha leva, ukafunga. Pikapu yako iko wapi, Simeon?"

"Niliuza."

"Kwa nani?"

Simeon alitazama mlango.

"Kesho tutaleta mpiga mbizi mwingine asome ile nambari. Kwa nani, Simeon?"

Mabega yakamwanguka.

"Nilikuwa nimelewa. Trizah alitokea tu kwa barabara. Nikaogopa, nikaisukuma timboni. Hata jeneza lake nilibeba, madam, kwa mabega haya. Halafu Odongo ananiambia, 'Ndugu yangu, nimepata gari. Kesho nasoma nambari.' Sikulala. Asubuhi akiwa ameshavaa mtungi akaniuliza, 'Umenifunga?' Nikamwambia, nimekufunga."

Mulei alitoka kwenda kumfungulia Absalom. Waruguru alibaki na swali moja, na aliogopa kuliuliza.

"Ulisema hakuvuta kamba."

Simeon aligeuza viganja vyake juu, akavitazama. Vilikuwa na alama nyekundu za kamba, vimekwaruzwa.

"Alivuta, madam," alisema. "Alivuta sana."