Maneno Aliyoyafuta

Kila asubuhi Eustakia alianza kazi kwa mtindo uleule. Alifungua dirisha la ofisi ya vifurushi pale stendi ya Ngara, akapangusa vumbi jekundu mezani, akawasha kompyuta kuukuu, na wakati kompyuta ikikohoa kuamka, akanywa chai ya tangawizi aliyoletewa na Francisca, mkatisha tiketi wa dirisha la pili. Kisha alipiga simu Biharamulo na kuanza kupaza sauti: "Gunia moja la maharage! Maharage! La Paschal! Pas-cha-li!" Mtandao ukikatika, alianza upya.

Siku hiyo kompyuta ilipoamka, picha ya maua aliyoizoea haikuwepo. Skrini ilikuwa nyeusi tii, na katikati herufi za kijani zilijiandika zenyewe: HABARI ZA ASUBUHI, NGARA.

Kikombe kilimponyoka. "Francisca! Kompyuta imeingiliwa!"

"Haijaingiliwa, dada. Ni mimi."

Nje ya dirisha alisimama kijana mrefu, shati la bluu limenyooka kwa pasi, laptopu ameiegemeza juu ya gunia la kahawa. Ukungu wa kilimani ulikuwa umemwachia matone kwenye nywele.

"Umeiua kompyuta yangu!"

"Haijafa. Nimeivua makoti mazito tu, ipate kukimbia." Alitabasamu. "Naitwa Shibuda, natoka Biharamulo. Mzee Rogasian, tajiri yako, alinifungulia ofisi jana jioni niweke programu mpya ya mizigo."

Eustakia, ambaye hata kumwomba jirani chumvi aliona haya, akatazama sakafu. Alikuwa amemfokea mtu asiyemjua, tena mtanashati.

Shibuda aliingia akamwonyesha. Programu yake haikuwa na picha wala rangi za kupamba. Ilikuwa maandishi matupu kwenye skrini nyeusi, visanduku vimechorwa kwa vistari, na kila kitu kilifanywa kwa kibodi. Eustakia akiandika mzigo Ngara, jina la mzigo linatokea papo hapo kwenye skrini ya Biharamulo.

"Kipanya kiko wapi?" aliuliza.

"Nimekifukuza. Humu hakina kazi."

"Na mtandao wetu huu wa kusuasua?"

"Picha ndizo zinazouchosha. Herufi ni nyepesi, zinapita hata pale ambapo sauti yako haipiti." Akainamisha kichwa. "Ingawa sauti yenyewe nimeisikia. Mpaka kule kwenye bodaboda wanajua Paschal ana maharage."

Francisca akacheka hadi tiketi zikamtawanyika.

"Mimi simwamini," alinong'ona Francisca, kijana alipotoka. "Mtu anayeandika gizani ana la kuficha."

Shibuda alirudi Biharamulo kusimamia upande wa kule. Chini kabisa ya skrini alikuwa ameacha mstari mmoja wa mazungumzo kati ya ofisi mbili, na hapo ndipo Eustakia alipogundua jambo ambalo hakumwambia mtu. Maneno ya Shibuda hayakufika sentensi nzima nzima. Yalifika herufi kwa herufi, kama anavyobonyeza. Na alipofuta, yalifutika mbele ya macho yake.

*Leo umevaa lile gauni la nja*, skrini iliandika siku moja. Ikasimama. Herufi zikaanza kurudi nyuma, moja moja, mpaka mstari ukawa mtupu. Kisha: *Basi limeshatoka?*

Eustakia aliziba mdomo kwa mtandio. "Limetoka," alijibu. Kesho yake alivaa gauni la njano, lile alilolivaa siku walipoonana, ingawa aliyelitaka hakuwa na jicho la kuliona.

Alipaswa kumwambia. Kila siku alisema atamwambia kesho. Lakini nani angefunga dirisha linaloonyesha moyo wa mtu? Jioni Shibuda alipopiga simu, alikuwa mtani: "Malkia wa vifurushi, umekula?" "Nimekula." "Umenikumbuka?" "Usiku mwema, Shibuda." Eustakia hakuthubutu kujibu zaidi. Ila mchana, kwenye skrini nyeusi, alimwona akiandika *nimekukumbuka sana* na kuyafuta, na hilo lilimshibisha.

Kisha mama yake alipiga simu kutoka Nyakisasa.

"Watu wa akina Evaristi wanataka kuja Jumapili baada ya misa. Ni watu wazuri. Niwaambie waje, au kuna mtu?"

"Mama, nipe mpaka Ijumaa."

"Kwa hiyo yupo."

"Mpaka Ijumaa, mama."

Alikwenda kazini ameazimia kumuuliza Shibuda ana nia gani. Akaketi. Kabla hajagusa kibodi, mstari wa chini ukaanza kutembea: *Baba anasema mahari ya Nyamizi ikikamilika ndipo*

Ukasimama. Ukarudi nyuma wote.

*Mvua imenyesha huko?*

Nyamizi! Nyamizi ni nani, na mahari yake inamhusu nini Shibuda? Angeuliza vipi? Akiuliza, itajulikana kwamba kwa muda wote huu amekuwa akisoma maneno ambayo hakuandikiwa. *Imenyesha*, aliandika.

Jioni kwenye simu alizunguka mbali. "Shibuda, hakuna jambo unalotaka kuniambia?"

"Mimi? Hakuna. Kwa nini?"

Hakuna! Kuanzia hapo kila alichokifuta kilimtia mashaka. Hata *habari za* iliyokatishwa ilikuwa na mwanamke nyuma yake.

Jumatano mfanyabiashara wa Kabanga alileta kifurushi kilichofungwa kwa nailoni. Juu yake kimeandikwa kwa kalamu nzito: NYAMIZI, NYAMAHANGA. KWA MKONO WA SHIBUDA.

Francisca alikipapasa. "Vitenge vya Burundi. Hivi ni vya bibi harusi, mdogo wangu. Si nilikuambia?"

Eustakia hakukiingiza kwenye kompyuta. Alikisukuma juu ya rafu, nyuma ya maboksi, na basi likaondoka bila kifurushi.

Simu ikaita. "Eusta mrembo, kuna kitu changu kutoka Kabanga?"

"Cha nani?"

"Cha... mtu wa nyumbani."

"Mtu gani?"

"Nitakueleza nikija."

"Hakijafika," alisema Eustakia, akiyatazama maboksi ya rafuni.

Ijumaa asubuhi, herufi zikaanza tena. *Eusta nimekukosea ni* na zikafutika. *Mizigo mingi leo?*

Eustakia alichoka kuwa mpole. Aliandika kwa kidole kimoja, kwa nguvu: *Wewe ndiye unayejua ulichonikosea.*

Kistari cha kijani kikawa kinapepesa tu. Kisha, polepole: *Unaona ninayofuta?*

*Yote. Tangu mwanzo.*

Mstari mmoja ukatokea, ule unaoandikwa na programu yenyewe: BIHARAMULO AMETOKA.

"Amekimbia," alisema Francisca, akimwekea mkono begani. "Mpigie mama yako. Waje."

Asubuhi nzima Eustakia aliandika mizigo bila kuiona. Mchana akapiga simu Nyakisasa, simu ikakataa. Akapiga tena. Ilipoanza kuita, basi la kutoka Biharamulo liliingia stendi, na kabla halijasimama sawasawa, Shibuda akaruka. Shati ni lilelile la bluu, safari hii limekunjamana na limejaa vumbi. Eustakia akakata simu.

"Ile sehemu ya kukuonyesha kila herufi yangu niliiweka ya majaribio," alisema dirishani, bila hata salamu. "Nione kama mtandao unapumua. Nikasahau kuifunga. Na wewe ukakaa kimya, unanisoma? Mtu huvuliwa nguo hivyo, Eustakia?"

Abiria mmoja aliyekuwa kwenye foleni na jogoo wake akasogea karibu ili asipitwe.

"Nyamizi ni nani?" aliuliza Eustakia.

"Dada yangu! Tumbo moja! Anaolewa kesho."

"Mahari yake inakuhusu nini wewe?"

"Kwetu Wasukuma ng'ombe wanaokuja kwa dada ndio wanaomwoza kaka. Baba alisema wakifika ndipo twende kwenu Nyakisasa. Na watu wa bwana harusi wangeweza kughairi dakika ya mwisho. Ningekuja kwenu na nini? Na maneno?"

"Hata uongo huandikwa vizuri," alidakia Francisca.

Shibuda akatoa simu, akapiga, akaiweka juu ya meza kwa sauti ya wazi.

"We kaka!" sauti ya msichana ililipuka. "Vitenge vyangu viko wapi? Kesho nitatoka na khanga ya mama? Na huyo wifi yangu wa Ngara umeshamwambia, au bado unajiumauma?"

Foleni ikaangua kicheko. Eustakia alitamani sakafu impokee. Alipanda kwenye kiti, akasogeza maboksi, akashusha kifurushi.

"Viko hapa, wifi," alisema kwa sauti ndogo. "Ni mimi niliyevizuia. Vitapanda basi la jioni. Nisamehe."

"Ndiye huyo? Wabeja sana, asante sana, wifi!" Simu ikakatika.

Shibuda alikitazama kifurushi, kisha akamtazama yeye. Hasira ilikuwa imemtoka, imebaki huzuni.

"Mimi yangu yote umeyasoma. Nami je? Kwangu zinafika sentensi zako nzima tu. Limetoka. Imenyesha. Nimekula. Pengine na wewe ulikuwa unafuta, sijui."

"Sikufuta." Eustakia alifunga kidole kwenye ncha ya mtandio. "Wewe angalau uliandika ukafuta. Mimi sikuandika kabisa. Niliogopa hata kibodi itanicheka."

Simu yake ikaita. Mama. Akapokea.

"Umenipigia, mwanangu. Haya, leo Ijumaa. Akina Evaristi niwaambie waje?"

Foleni yote iliinua shingo, hata jogoo. Eustakia alimtazama Shibuda, na kwa ile sauti aliyokuwa akiitumia zamani kuyapeleka maharage Biharamulo, akasema:

"Waambie wasije, mama! Kuna mtu. Anaitwa Shibuda, yuko hapa mbele yangu, na ninampenda. Unanisikia? Ninampenda!"