Miezi Sita ya Mfuko wa Kijani

Mfuko wa kijani wa Wannes ulipasukia katikati ya soko la Ijumaa, mjini Ghent, viazi vikabingirika hadi kwenye buti za manjano za mwanamke asiyemjua. Mwanamke huyo, Hanne, aliviokota akicheka.

"Kaka, mfuko wako una haraka ya kuoza."

"Nimeutengeneza mwenyewe kiwandani kwangu, kwa wanga wa viazi," Wannes alijibu, masikio yamemwiva.

"Ndiyo maana viazi vimekataa kubebwa na ndugu yao."

Kicheko kikazaa kahawa, kahawa ikazaa simu za kila jioni. Kumbe Hanne alifanya kazi maabara, akipima mifuko kama ile: unaooza kweli hupewa alama ya kuuthibitisha, usiooza haupewi. Walipendana tangu Machi, ila hakuna aliyethubutu kuyapa mapenzi yao jina.

Mwezi Juni, Hanne aliletewa mfuko usio na jina, una namba tu. Aliijua rangi ile. Kanuni ilimtaka ajaze fomu: una uhusiano gani na mwenye mali? Ndugu na wachumba hawakuruhusiwa kupima. Akashika kalamu, akaiweka chini. Rafiki? Mpenzi? Angeandika nini, naye mwenyewe hajaambiwa? Akachagua njia mbaya. Aliiacha fomu tupu kwenye droo, akaufukia mfuko kwenye mboji aone kama utaoza, akaacha kupokea simu za Wannes. Miezi sita mizima. Wannes aliumia vibaya, akaamini ameachwa.

Desemba barua ikamfikia: mfuko haukuoza kwenye mboji ya bustani, alama amenyimwa. Chini kulikuwa na sahihi ya Hanne. Siku ya tatu Wannes alimngoja Hanne mlangoni pa maabara, akamwona akitoka na koti lake jeupe, amekonda.

"Ulinikwepa kwa ajili ya hili?"

"Ungeniuliza. Nami kukudanganya siwezi."

Wannes akatoa kipande cha kijani chenye udongo.

"Mama alifukia wake bustanini tangu Juni. Jana nimeufukua, jina langu bado linasomeka. Hukunionea, Hanne. Nitaanza upya. Lakini nikileta mwingine, utaninyamazia tena?"

"Kanuni ni kanuni. Ni ndugu au mchumba tu asiyeruhusiwa kupima."

"Basi tuoane, mpenzi."

Hanne alimshika mkono, wakaingia hadi mezani pake, akaitoa ile fomu iliyolala kwenye droo tangu Juni. Akaandika polepole, machozi yakimlengalenga: *Sitapima tena mifuko ya kiwanda hiki. Mwenye mali ni mchumba wangu.*