Kicheko Chini ya Kifuniko

Tanuri lilikuwa limeshapoa, lakini chungu kimoja kilibaki na uvuguvugu kama wa mwili wa mtu. Tena kifuniko chake kiligoma kutoka.

"Hukutia majivu mdomoni," alisema mume wa mfinyanzi. Yeye ndiye aliyepanga kuni na kuwasha moto, kwa hiyo kosa lilikuwa lazima liwe la mwingine.

Mkewe alizidi kukivuta kifuniko. Vyungu vyake huchomwa vikiwa vimevaa vifuniko, ili vyote vinywee pamoja na kuoana sawasawa; majivu kidogo huzuia visigandane. Hiki alikifunika kwa hasira, bila majivu. Binti yao alikuwa ameingiza uso ndani, anapiga kelele na kucheka akisikia mwangwi. "Hebu ondoa domo lako!" mama alimfokea, akapachika kifuniko huku kicheko kingali kinavuma humo. Tangu hapo mtoto hakutoa sauti. Wakadhani amenuna.

Sasa chungu kikacheka.

Ilikuwa mchana kweupe, kuku wanadonoa uani. Kicheko kilikuwa cha binti yao, na binti mwenyewe alisimama mlangoni amefumba mdomo, machozi yanamtiririka. Hewa ikajaa harufu ya nywele zilizoungua.

Mganga waliyemwita alipofika, alikinusa chungu akarudi nyuma.

"Mmeifungia sauti ya mtoto pamoja na jini aliyekuwa akiitamani," alinong'ona. "Na msidhani ameungua. Motoni ni kwao."

"Tukivunje?" mume aliuliza, mkono tayari kwenye nyundo.

"Ukivunja, sauti inapotea. Nitakifungua. Mtoto ainame, aivute kwa kinywa chake. Nyinyi wengine msitie neno. Atakayetangulia kusema kati yenu, ndiye atakayeingiliwa na jini."

Akaanza kudondosha maji pembeni mwa kifuniko, tone baada ya tone, akinuizia, na kila tone lilipotua chungu kilinung'unika, kisha kikalia, kisha kikaita "Mama, nina kiu, mama, huku giza, mama, kuna mtu ananishika," mpaka mfinyanzi akauma kidole kikatoka damu, na kifuniko kikaanza kucheza chenyewe, kikaruka, na mtoto kwa woga akajirudisha nyuma badala ya kuinama.

"Mama, mbona huji kunichukua?"

Mfinyanzi hakuweza kuvumilia. Aliyemzaa kwa uchungu angewezaje? Alikikumbatia chungu, akainama.

"Nipo, mwanangu! Nipo!"

Chungu kikapoa mikononi mwake. Mganga akaanza kukusanya vitu vyake bila kumtazama mtu.

"Mbona unafungasha?" mfinyanzi aliuliza, kisha akajiziba mdomo.

Sauti iliyomtoka ilikuwa nyembamba, ya binti yake, yenye kithembe cha jino lililong'oka. Mumewe alirudi nyuma mpaka akagota ukutani.

"Mwanangu, njoo kwa mama," mfinyanzi alibembeleza kwa sauti ileile, akinyoosha mikono.

Binti aliisikia sauti yake mwenyewe ikimwita kutoka kinywani mwa mama yake. Akageuka, akatimua mbio kuelekea barabarani, mdomo wazi, akipiga mayowe ambayo hakuna aliyeyasikia.